Sura ya Saba: Mstari Ulionyooka Mno

"Saini hapa," alisema Mrakibu Gervas, mkuu wa upelelezi wa wilaya, akaisukuma karatasi hadi upande wa pili wa meza. "Wakili wa Serikali anaisubiri. Leo, sio kesho."

Inspekta Tusajigwe aliisoma hati ya mashtaka neno kwa neno, kwa kuwa alijua kusoma taratibu kunamchefua mkuu wake kuliko matusi. Hamida Nurdin, mama lishe wa Madale, alikuwa anashtakiwa kumuua Kornelio, mfanyakazi wa mabanda ya kuku ya Bwana Audax, kwa kumtilia sumu kwenye chakula. Kosa la mauaji halina dhamana. Saini ikishakaa pale, Hamida analala gerezani usiku wa leo, na siku ya kutoka anaijua Mungu.

"Majibu ya maabara bado, afande."

"Yakija yataikuta kesi iko mahakamani. Kuna ubaya gani?"

Ubaya ulikuwepo, tena mkubwa, na Tusajigwe alikuwa ameusema tangu siku ya kwanza. Kornelio alikutwa asubuhi amelala juu ya maranda katika banda la pili, lile la vifaranga. Alikuwa ametapika, na pembeni yake kulikuwa na bakuli la Hamida. Mchana uliotangulia wawili hao walikuwa wamegombana mbele ya wateja, Hamida akimuuliza posa aliyoahidi itafika lini au inatembea kwa magoti. Basi mtaa mzima ukawa umeshahukumu. Bakuli, matapishi, ugomvi wa mapenzi. Nani tena anahitaji polisi?

Lakini Tusajigwe aliliona lile banda. Turubai zilikuwa zimekunjwa juu pande zote, na mikunjo yake ilikuwa mipya, imefungwa na mtu mwenye haraka. Nusu ya polisi wa Dar wanafuga kuku, na nusu nyingine waliwahi kufuga wakaacha kwa machozi, kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa. Umeme ukikatika na vifaranga ni wachanga, mfugaji anashusha turubai na kuingiza majiko ya mkaa. Mtu akilala humo na ule moshi usioonekana, haamki. Na kabla hajalala huumwa kichwa, akatapika.

Tatizo ni kwamba jiko halikuonekana. Bwana Audax aliapa kwamba umeme haukukatika, na hata kama ungekatika, shamba lina jenereta. Majirani waligawanyika katikati: huyu alikaa gizani, yule aliangalia mpira kwenye runinga hadi mwisho. Hilo nalo halikumshangaza yeyote, maana Madale fezi moja ya umeme, yaani waya mmoja kati ya tatu za nguzo, hukatika na nyingine ikabaki, ukamwona jirani yako yuko kwenye mwanga wewe unatafuta kiberiti. Hakuna aliyejua kwa hakika shamba lilikuwa upande gani.

Ndipo Audax alipoleta grafu.

Aliileta mwenyewe, imechapwa kwa rangi na kupigwa plastiki kama cheti cha ndoa. Mabanda yake yalikuwa na sensa za joto zinazotuma vipimo kwenye mtandao, na yeye huvitazama popote alipo. Usiku ule alikuwa Mbweni kwenye send-off ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na grafu ilionyesha mistari mitatu ya mabanda matatu ikipita usiku kucha bila kukatika popote. Umeme ulikuwepo. Mkaa wa nini, basi?

"Mashine haina shangazi wala mjomba," alisema Gervas, akiigonga ile plastiki kwa kalamu. "Haimpendelei mtu."

Tusajigwe aliivuta grafu karibu. Alikuwa ameiona mara nyingi, lakini kila mara alitazama kama imekatika au haijakatika. Leo, kwa hasira tu ya kutotaka kusaini, aliifuata mistari kwa ncha ya ukucha tangu mchana. Ilikuwa inatetemeka, inapanda kidogo, inashuka kidogo, kama mwandiko wa mtu anayeandika akiwa amesimama. Ikafika usiku. Kisha yote mitatu ikanyooka kama imepigwa rula, hadi alfajiri, ikaanza tena kutetemeka.

Akairudisha hati upande wa Gervas.

"Sisaini, afande."

"Nitampa mwingine."

"Mpe. Mwambie aandike jina lake vizuri, maana tutakuja kulihitaji."

Gervas alimwambia mambo mengi kuhusu nidhamu ya jeshi, na kwamba gari la kituo leo asahau. Tusajigwe alipiga saluti, akachukua ile plastiki na kutoka nayo chini ya kwapa.

Kabla ya kuondoka alipita mahabusu. Hamida alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta, uso mkavu. Alikuwa mwanamke wa Kusini, mfupi, aliyezoea kuamka kabla ya jogoo, na hakusimama kumpokea mpelelezi.

Tusajigwe alimuuliza ni lini hasa alimpelekea Kornelio chakula.

"Nimeshasema. Magharibi. Na nilikula naye, bakuli moja, mkono wake na mkono wangu," Hamida alisema. "Hamkuandika."

Ni kweli, haikuandikwa. Askari aliyechukua maelezo alimuuliza ni nani aliyewaona wakila, na alipojibu kwamba hawakualika watazamaji, aliliruka jibu hilo na kwenda swali lingine. Tusajigwe aliona aibu kwa niaba ya kituo kizima. Akaliandika pale pale, akamsomea, Hamida akaweka dole gumba bila kusema ahsante.

*

Ofisi ya Brightson ilikuwa Kinondoni, ghorofani juu ya duka la vipuri vya pikipiki, chumba kimoja chenye feni mbili na kompyuta nne. Ndiye aliyetengeneza ule mfumo wa mabanda. Alikuwa jamaa wa miaka thelathini na kitu, ndevu zimechongwa, aliyejivunia kazi yake na hakuona sababu ya kuficha. Alimwamkia mgeni shikamoo, akamwekea kiti, akaanza kueleza kabla hajaulizwa. Kila banda lina sensa. Sensa zote hupeleka joto kwenye kisanduku kimoja kilichofungwa ukutani, kisanduku kinapeleka kwenye kanzidata, na kutoka huko programu inachora mistari anayoiona mteja kwenye simu.

Tusajigwe alimwekea ile plastiki mezani, akauliza kwa nini mistari inatetemeka. Brightson alisema ni taa za joto kwa vifaranga na feni kwa kuku wakubwa: zinawaka, zinajizima, joto linapanda na kushuka.

"Na hapa?" Alikiweka kidole kwenye ule unyoofu wa usiku. "Hapa taa zilikuwa zimekula kiapo?"

Brightson alitazama. Akatazama tena, na safari hii mkono wake ukaenda kwenye ndevu.

"Hapo usiku hali ilitulia tu, afande."

"Mabanda matatu yakatulia kwa pamoja, yakaamka kwa pamoja. Nifungulie kanzidata. Sitaki picha, nataka vipimo vyenyewe."

Alisita, akasema data ni mali ya mteja. Tusajigwe hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba kuna mwanamke yuko mahabusu, kwamba kinachomweka pale ni mchoro uliotoka kwenye mashine hii, na kwamba leo hii anapelekwa gerezani kwa mauaji. Kama Brightson anataka kusubiri ruhusa ya Bwana Audax, asubiri, lakini jina la aliyechora litaingia kwenye jalada kabla ya jina la aliyepika.

Akafungua. Jedwali lilishuka kwenye kioo, safu tatu za namba, banda la kwanza, la pili, la tatu. Namba zikaenda, zikaenda, kisha zikaisha. Chini yake kulikuwa na vyumba vitupu, safu baada ya safu, kabla ya namba kurudi.

"Hizi tupu ni sifuri?"

"Hapana. Sifuri ni kipimo. Hapa hakuna kipimo kilichofika."

"Sasa kama hakikufika, huu mstari mashine iliutoa wapi?"

Feni zilizunguka. Brightson alivua miwani na kuiweka mezani.

"Inaunga," alisema. "Inachukua namba ya mwisho kabla ya pengo na ya kwanza baada ya pengo, inapitisha mstari katikati."

"Nani aliiambia iunge?"

"Mie."

Kisha akaeleza, na alipoanza hakuvuta hata pumzi. Mwanzoni alifanya kila penye tupu pachorwe kama sifuri. Siku ya kwanza kisanduku kuzimika, mistari ikaporomoka hadi chini, na mama mmoja wa Mbweni akaona kwenye simu, katikati ya ibada, kwamba vifaranga wake wana joto la barafu. Alitoka kanisani mbio, viatu mkononi, akawakuta wazima wanakula. Brightson alitukanwa wiki nzima. Akabadilisha, akaacha mapengo wazi, mistari ikawa inakatika vipande. Hapo ndipo wateja waliponuna kweli: mfumo mbovu, mfumo umekufa, turudishie chetu. Mmoja wao alikuwa Audax. Basi akaona yaishe. Kwenye programu ya kuchora kuna mahali unaandika neno moja tu, penye pengo iunge au isiunge. Akaandika iunge. Mistari ikapendeza, simu za malalamiko zikakoma.

"Uliwapa wanachopenda kukiona," Tusajigwe alisema.

"Sie wafanyabiashara, afande. Mteja wa hapa akiona mstari umekatika anajua kaibiwa."

Tusajigwe alimwambia alifute lile neno. Brightson akaandika, akabonyeza, ukurasa ukafifia na kurudi. Mistari mitatu ilikatika mahali pamoja, ikaacha uwazi mweupe, ikaanza tena mahali pamoja.

Kwa mpelelezi mwenye haraka kazi ingekuwa imekwisha. Lakini Brightson, na kwa hili Tusajigwe alimheshimu, ndiye aliyeweka pingamizi. Alisema huenda umeme ulikuwepo na intaneti ndiyo iliyopotea. Hilo nalo lingekata mistari yote. Tusajigwe akamuuliza intaneti ikipotea kisanduku hufanya nini. Kinahifadhi, alijibu, kikipata mtandao kinatuma vyote kwa mpigo. Kwa hiyo pengo la intaneti hujazwa baadaye. Pengo lisilojazwa maana yake kisanduku chenyewe kilizimika. Na betri yake? Mzee Audax aliikataa betri, akasema ana jenereta, betri ya nini tena.

"Basi jenereta haikuwaka," Tusajigwe alisema. "Sasa nisomee namba za kwanza baada ya pengo, banda moja moja."

Banda la kwanza lilikuwa limeshuka, joto la alfajiri tupu. La tatu vilevile; katika yote mawili mlikuwa na kuku wakubwa wasiohitaji taa. Brightson alifika kwenye banda la pili, akasogeza uso karibu na kioo.

"Soma."

"Limepanda. Lina joto kuliko lilivyokuwa kabla ya pengo."

"Taa zilikuwa zimezima usiku mzima. Umeme ndio kwanza umerudi. Mabanda mawili yamepoa, hili la katikati limechemka. Joto limetoka wapi, Brightson?"

Midomo ya Brightson ilitamka neno mkaa bila sauti. Tusajigwe alihisi hasira ikimpanda kifuani, hasira safi, kwa sababu ushahidi ulikuwepo tangu siku ya kwanza na watu wazima waliupiga plastiki ili upendeze. Alimwambia achapishe grafu zote mbili pamoja na jedwali, akachukua maelezo yake, akamsainisha kila ukurasa.

*

Kigari chake kuukuu kilipanda vilima vya Madale kikilalamika. Njiani alimpigia mwenyekiti wa mtaa, akamwomba asogee shambani kwa Audax akae tayari.

Bwana Audax alikuwa barazani na binti yake Jesca, wakizungumzia harusi. Alikuwa mzee mrefu wa Kihaya, mstaafu, aliyeongea Kiswahili cha kupanga maneno kama vyombo kabatini. Tusajigwe alimpa shikamoo yake, kwa kuwa mtu mzima ni mtu mzima hata ukija kumkamata. Akaitikia, akaagiza soda.

Waliongea kwanza kuhusu jenereta. Audax alimwonyesha, ile pale kwenye kibanda chake cha nyavu. Haijawahi kutoka hapo tangu inunuliwe, alisema, na inawaka yenyewe umeme ukikatika. Tusajigwe alisogea akaitazama. Nati zilizoishika kwenye sakafu zilikuwa zimekwaruzwa karibuni, chuma kinang'aa. Alirudi kukaa, na Jesca alipomletea soda alimpongeza kwa send-off. Akamuuliza kama umeme haukuwasumbua huko Mbweni, maana usiku ule ulikatika kila mahali.

"Wala hatukujua," Jesca alisema. "Tulikuwa na jenereta ya baba."

Audax aliiweka glasi chini.

"Jesca, ingia ndani."

Hakuingia. Alimtazama mpelelezi, akamtazama baba yake, na rangi yake ikaanza kubadilika.

"Baba, si uliniambia huku mna nyingine?"

"Nimesema ingia ndani."

"Siingii. Kornelio alikuwa na nini usiku ule?"

Mzee akamgeukia Tusajigwe. Alisema yeye si mtu wa kuhojiwa na watoto wa kike wawili nyumbani kwake, kwamba kuku ni wake na jenereta ni yake, na kwamba grafu iko polisi na inaonyesha umeme ulikuwepo. Aliongea kwa ukali wa mtu aliyezoea kusikilizwa. Tusajigwe alimwacha amalize, kisha akaziweka grafu mbili juu ya meza, ya plastiki na ya karatasi, ubavu kwa ubavu.

"Mzee, mashine haikuona kitu usiku ule. Waliunga tu mstari ili usije ukanuna. Wa kweli ndio huu, na hapa banda la pili lina moto."

Audax aliisoma ile ya karatasi, kidole kikipita kwenye ule weupe, kikirudi. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imepungua. Kornelio alimpigia simu wakati wa kukata keki. Umeme umekatika, vifaranga wanalundikana. Yeye, muziki ukimpigia masikioni, alimwambia ashushe turubai zote, aingize majiko mawili, na asitoke humo hata kidogo hadi arudi. Asubuhi alimkuta vile. Alizikunja turubai juu haraka haraka, akayabeba majiko mwenyewe hadi kwenye shimo la kutupia kuku waliokufa.

"Na Hamida?" Jesca ndiye aliyeuliza.

"Mimi sikumtaja Hamida. Watu ndio walianza kusema chakula. Mimi nilinyamaza tu."

"Ulinyamaza," alisema Tusajigwe, "ukatuletea na grafu."

Mwenyekiti wa mtaa alishuhudia majiko yakitolewa shimoni, yananuka, majivu bado yameganda ndani. Audax aliomba abadilishe shati kabla ya kuondoka. Jesca hakumletea shati. Alikaa barazani na kuitazama ile jenereta kana kwamba ni mtu aliyemtukana.

*

Kituoni hati ilikuwa imepata saini nyingine. Hamida alikuwa ameshasimamishwa kaunta, pingu mikononi, akisubiri gari. Tusajigwe alimpita, akaingia kwa Gervas bila kubisha hodi na kuliweka jiko la mkaa juu ya meza yake, juu ya karatasi zote zilizokuwapo. Masizi yakamwagika.

Gervas aliinuka kwa ghadhabu, akafungua kinywa. Tusajigwe akaweka na jedwali, na maelezo ya Brightson, na ya Audax yaliyoshuhudiwa na mwenyekiti, na yale ya Hamida kuhusu bakuli moja. Akasema mwenye shamba yuko nje kwenye kigari alichokuja nacho yeye, akilindwa na askari wawili wa zamu. Akaongeza kwamba kama Wakili wa Serikali bado anasubiri, yeye Tusajigwe yuko tayari kumpelekea vyote kwa mkono wake, pamoja na hati na jina la aliyeisaini.

Gervas alisoma. Mara mbili aliirudia ile sehemu ya banda la pili. Hakuomba radhi, hakuwa na mazoea hayo, lakini alifuta masizi kwenye hati kwa kiganja, akaona yanazidi kuenea, akaichana.

Walitoka pamoja hadi kaunta. Alimwamuru askari afungue pingu, akamwambia Hamida yuko huru, apite mlango wa nyuma, mbele kuna watu wengi na simu zao.

Hamida alisugua vifundo vya mikono. Aliuliza kama Kornelio ameshazikwa. Tusajigwe akamwambia ndiyo, ndugu zake walimpeleka Masasi. Hamida akavuta mtandio na kuufunga upya, bila haraka.

"Mliniingizia mbele," alisema. "Na simu zilikuwepo."

Gervas alitaka kusema kitu. Tusajigwe alimtangulia, akausukuma mlango wa mbele na kuushikilia wazi.

Kelele za watu wa barabarani zilikoma. Hamida alishuka ngazi mpaka mwisho, akasimama juani. Mtu mmoja wa mbele aliinua simu, kisha akaiona sura yake na kuanza kuishusha.

"Piga picha," Hamida alimwambia. "Ile ya kwanza uliituma. Na hii itume."